Bega Lililoacha Kuuma

Kama gazeti la Jumamosi iliyopita lilikupita, usijilaumu. Hukukosa raha yoyote. Nitakupa kwa ufupi yaliyotangulia, kisha tuendelee na balaa.

Mimi ni Taib, mpika halua wa Kuze. Baba yangu alipika halua, na babake vivyo hivyo. Kazi yetu ni kukoroga wanga, sukari na samli kwenye sufuria kubwa ya shaba, kwa mwiko mrefu, bila kupumzika, mpaka iive. Ukiuacha mwiko usimame, halua inashika chini, na ikishika chini umekwisha.

Kukoroga huko ndiko kulikonimaliza bega la kulia. Kano, ile kamba ngumu inayoufunga msuli kwenye mfupa, lilichanika. Si lote, upande tu.

Fahmi, mdogo wangu, akanipeleka kwa gari lake mpaka Kizingo, kwa Daktari Eddah. Daktari akanitoa damu mkono wa kushoto, akaitia kichupani, na kichupa akakitia kwenye mashine iliyozunguka kama imepagawa. Ilipotulia, damu ilikuwa imejitenga: nyekundu chini, maji ya manjano juu. Maji hayo, aliyoyaita plazma, ndiyo aliyonidunga begani ili kano lijiunge.

Wahenga walisema damu nzito kuliko maji. Nimeiona kwa macho yangu ikikaa chini. Lakini daktari alikuwa na haja na yale maji.

"Bega litauma kuliko mwanzo," alituambia. "Usiogope. Uchungu huo maana yake mafundi wamefika kazini. Ukizidiwa, panadoli, basi. Vile vidonge vikali vya kushusha uvimbe usiviguse kabisa, vitawafukuza mafundi. Na usikoroge kitu, hata chai."

"Hata chai?" Fahmi akauliza, akacheka.

"Hata chai."

Mlisoma pia vile majirani walivyoikimbia halua yangu, wakiulizana kama chakula cha mtu aliyedungwa damu kinalika, mpaka maalim wa msikiti wetu akawatuliza. Na mlisoma ugomvi wangu na Fahmi.

Fahmi ana duka Mwembe Tayari. Huwauzia halua yetu abiria wa mabasi ya bara, na abiria hawangoji bega la mtu. Anataka mashine ya umeme ije ikoroge badala yangu. Mimi sitaki. Mama yetu, Bi Mwanakhamis, akatuamua kwa neno la marehemu baba: atakayeweza kukoroga sufuria nzima, mwanzo mpaka mwisho, ndiye mwenye mwiko. Siku ikawekwa, ya kuvunja jungu, kabla ya mfungo kuingia. Nikiweza, mashine haiji. Nikishindwa, mwiko utundikwe ukutani, nami nitafutiwe kiti nikae chini yake.

Tuliachana hapo: bega lililokuwa likiniliza mchana na usiku, ghafla liliacha kuuma.

*

Nilifurahi, sitawaficha. Siku za mwanzo baada ya sindano nililia kama mtoto anayetolewa jino. Sikumeza hata panadoli. Ubishi tu. Niliona nikimeza nitakuwa nimeshindwa na Fahmi kabla ya kushika mwiko.

Mama alikuwa akija chini ya ngazi kunisikiliza. Chumba chake ki chini, mimi na mke wangu Jannat tuko juu. Nilikuwa nikisikia tasbihi yake ikigonga ukuta.

Kisha asubuhi moja nikaamka, nikageuka upande wa kulia, na nisisikie kitu. Nikasema alhamdulillahi, mafundi wamemaliza.

Tatizo langu likabaki moja, kiungulia. Tumbo likaniunguza kutwa kucha. Nikamlaumu Jannat.

"Hizo pilipili zako zitaniua."

"Pilipili ni zile zile," akasema.

"Basi ni mkono wako."

Hakunijibu. Jannat asipojibu, ujue ameandika mahali.

Siku ya kuvunja jungu ikafika. Charo, mtu wetu wa moto, ambaye amekaa na jiko lile tangu enzi za baba, akapanga kuni uani. Aliponiona nakunja mikono ya kanzu akasimama.

"Bwana Taib, na hilo bega?"

"Bega gani?"

Charo akacheka kidogo, akachochea moto. Lakini alinitazama mara ya pili.

Majirani wakajaa uani. Mama alibaki chumbani mwake, dirisha wazi, ili asikie mwiko. Fahmi alisimama karibu nami. Naye alikuwa amekunja mikono ya kanzu, nikadhani ni joto.

Nikaanza. Wanga ukayeyuka, sukari ikafuata. Mwiko ukaenda na kurudi bila shida. Nikatia zafarani, nikatia iliki, nikamwaga samli. Halua ikaanza kuwa nzito, na hapo ndipo mwanamume hujulikana. Nilikuwa nikijulikana vizuri sana.

"Mashallah," mzee mmoja akasema. "Bega la chuma hilo."

Kisha nikasikia kitu kikikatika ndani yangu. Sauti ndogo, kama mtu aliyekata uzi kwa meno.

Hapakuuma. Ningependa mjue hilo. Hapakuuma hata kidogo. Nilishangaa tu kuuona mkono wangu umeshuka, unaning'inia ubavuni, na vidole vimeuachia mwiko.

Mwiko haukuanguka. Fahmi alikuwa ameshaushika. Akasogea mahali pangu, akaendelea kukoroga bila halua kujua kuwa imebadilisha mtu.

Watu hawakuelewa. Walidhani ndugu wanapokezana. Wakapiga makofi.

Halua ikaiva. Ikagawiwa. Ilikuwa halua nzuri, na hilo ndilo lililoniuma, kama kuna lililoniuma siku ile.

Fahmi akanivuta kando ya pipa la maji.

"Tusimwambie mama," akaninong'oneza. "Nitamwambia umechoka kidogo, nikakumalizia. Moyo wake waujua ulivyo."

"Na mashine?"

"Hayo baadaye, kaka. Pumzika."

Nikaona ana huruma. Nikapanda juu. Jioni mama akaniletea kahawa yangu ya kila siku kwa sinia, nikanywa, nikalala usingizi mzito. Mtu aliyekatika kano, kulala hivyo! Hata hapo sikushtuka.

*

Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Fahmi akasema hawezi kunipeleka, abiria ni wengi Mwembe Tayari, kila mtu anarudi kwao kabla ya mfungo. Nikaenda Kizingo kwa tuktuk na Jannat.

Daktari Eddah akanikalisha kitini.

"Inua mkono."

Niliuamuru. Haukwenda.

Akanipaka mafuta baridi, akapitisha begani chombo chake cha kupigia picha, akatazama kioo cha mashine. Alitazama muda mrefu. Daktari anapotazama kioo namna ile, mgonjwa hujikuta anasoma matangazo ya ukutani.

"Umekoroga," akasema.

"Nimekoroga."

"Nilikwambia hata chai."

"Bega lilikuwa limepona, Daktari. Halikuwa likiuma."

Akaniminya kwa kidole. "Hapa unaumwa?"

"La."

"Hapa?"

"La."

"Hapo ndipo ninapoogopa mimi," akasema. "Kwa hali ninayoiona humu, ulitakiwa uruke mpaka dari. Umekunywa vidonge gani?"

"Wallahi sijameza hata panadoli."

"Bwana Taib."

"Wallahi, wabillahi. Muulize mke wangu."

Jannat akatikisa kichwa. "Hamezi, Daktari. Ni mbishi."

Daktari akavua miwani. "Na tumbo? Halikuunguzi?"

"Laniunguza sana. Hizo ni pilipili za huyu."

"Tangu lini?"

"Tangu bega lilipoacha kuuma," nikasema.

Niliyasema kwa mdomo wangu mwenyewe, na bado sikuyasikia. Jannat aliyasikia. Nilimwona akiacha kuchezea ncha ya buibui lake.

Daktari akasema taratibu, kama anayemfundisha mtu njia.

"Vidonge vile ninavyovikataza huzima uchungu na huunguza tumbo. Uchungu umekwisha siku ile ile tumbo lilipoanza. Kuna mahali unavila, au unavinywa. Wewe hujui, lakini mwili wako unajua."

Nikautazama mkono wangu.

"Nisikilize. Kano bado limeshikilia kidogo. Kidogo sana. Naweza kukudunga tena, lakini si leo. Nikikutoa damu leo nitakuwa nachota na hiyo dawa iliyomo. Uwe safi wiki nzima, kisha urudi. Mkono ukae kwenye kitambaa hiki, usiutoe."

"Na nisipokuwa safi?"

"Kila siku utakayochelewa, linazidi kuachia. Likiachia lote, sindano haina cha kuunganisha tena. Itabaki upasuaji. Na baada ya upasuaji, kwa bega lililochakaa hivi, sitakudanganya. Mwiko utausahau."

Akanifunga mkono kifuani kwa kitambaa, akanifungia fundo shingoni. Nikamshukuru. Sauti yangu ilitoka sawasawa, kama ya mtu aliyeuziwa shati.



*

Tulipofika juu nilifunga mlango.

"Ni wewe?" nikamuuliza.

"Mimi nini?"

"Unayenitilia dawa kwenye mchuzi."

Hakulia, wala hakupiga kelele. Aliniangalia kama anaangalia sufuria akipima kama itamtosha. Kisha akashuka chini, akarudi na kinu kidogo cha kutwangia iliki, akanisogezea puani.

"Nusa."

Nikanusa. Iliki, tangawizi kavu. Chini kabisa, kwenye tundu la mchi, palikuwa na weupe uliogandamana.

"Hiki kinu cha nani?" akauliza.

Kinu kile nakijua tangu nikitambaa. Ni cha mama. Hukaa chumbani kwake, kando ya jiko la kahawa.

"Ulijua?"

"Nilimwona akisaga kitu cheupe," akasema. "Nilidhani ni dawa ya maalim. Si yeye humpelekea maji ya kombe, yale ya aya zilizooshwa sahanini, kila mgonjwa wa nyumba hii? Mavyaa akimtilia mwanawe dawa ya kitabu, mke haulizi. Ningeuliza, ningeambiwa sitaki mume wangu apone."

Ni kweli. Angeambiwa hivyo, na mimi ndiye ningekuwa wa kwanza kumwambia.

Nikakaa kitandani. Nilitaka kumwomba radhi vizuri. Nikasema, "Pilipili zako hazina makosa."

"Najua," akasema.

Nikaanza kulifungua fundo la kitambaa kwa mkono wa kushoto.

"Wafanya nini?"

"Nashuka kwa mama. Ni wakati wa kahawa. Hajui kama bega limekatika."

"Daktari kasema usikitoe."

"Akiniona nimefungwa hivi, moyo utasimama. Nitajifunika shuka."

Jannat akaketi mbali nami. "Mficha maradhi kifo humuumbua, Taib."

Jannat huniita mume wangu. Akiniita kwa jina, huwa amechoka. Nikajitupia shuka begani nikashuka.

*

Alasiri ilikuwa imeshaswaliwa. Mama alikuwa juu ya mkeka wake, miguu ameikunja, birika la kahawa liko juu ya makaa. Nikainama nikaubusu mkono wake bila kuushika. Hakutambua, au nilidhani hakutambua.

"Ndoo hapa ukae, mwanangu. Fahmi kaniambia umechoka. Sauti ya mwiko niliisikia ikibadilika, nikajua si yako. Lakini mwiko ni wako. Ulikuwa umeshafika mbali."

"Ndiyo, mama."

Kinu kingine kidogo, cha shaba, kilikuwa mbele yake, kwa kuwa kile cha mbao Jannat alikuwa amekichukua. Alikuwa akitwanga. Chini ya leso yake ilichungulia karatasi ya vidonge, ile ya kung'aa, imetobolewa matundu.

"Mama, watwanga nini?"

"Iliki."

"Na hicho cheupe?"

Mchi ukasimama. Akanitazama, kisha akatabasamu. Lilikuwa tabasamu la mtoto aliyeshikwa na sukari mkononi.

"Ushaniona. Haya, ntakwambia, lakini usikasirike, wala usimkasirikie nduguyo. Ni daktari wako aliyeagiza."

"Daktari gani, mama?"

"Si huyo wa Kizingo? Kamwambia Fahmi faraghani: huyu Taib mbishi, hamezi vidonge, na asipomeza, bega halitapona. Basi mumtilie kwenye kahawa, asijue. Fahmi huniletea kila Ijumaa akitoka kuswali. Huniwekea hapa, chini ya mto."

Akaupigapiga mto, akaridhika na nafsi yake.

Wasomaji wangu, nilimkumbuka Fahmi kwenye kile kiti cha pembeni kule kliniki, akisikia kila neno nililosikia mimi. Hata chai? Hata chai.

Nikaitafuta hasira. Niliitafuta kweli, kama mtu anavyopapasa mfuko akitafuta ufunguo. Haikuwamo. Nilikuwa kama bega langu, ungeniminya popote ningesema la.

"Kwani haikukufaa?" mama akauliza.

Nikajisogezea shuka begani.

"Ulikuwa ukilia, Taib. Mtu mzima, na mvi zako. Nakusikia kutoka hapa chini, na mimi sina la kukutendea. Nilikuwa nikikaa na tasbihi mpaka alfajiri. Tangu nianze kukutilia, unalala. Na mimi nalala."

"Imenifaa, mama," nikasema.

Wale wanaomsomea mama gazeti, mstari huo waruke.

Hapo Fahmi akaingia. Kanzu nyeupe, kofia mkononi, salamu mdomoni. Salamu haikumalizika. Alikiona kinu, akaniona mimi, akaiona karatasi ya vidonge iliyotoka chini ya leso. Mkono wake uliokuwa mfukoni ukatoka mtupu.

"Nduguyo ashajua," mama akamwambia. "Usifiche tena. Nipa hivyo vya wiki hii."

Fahmi akabaki wima.

"Kaka," akasema, "mimi nilikuwa nakuonea huruma."

"Daktari alisema hivyo?" nikamuuliza. Sikupandisha sauti. Sikuwa na sauti ya kupandisha.

"Daktari alisema mengi siku ile."

Mama akamtazama yeye, akanitazama mimi. "Mutazungumza baadaye. Kahawa yapoa."

Akakung'uta kinu kwenye kikombe, akamimina. Harufu ya tangawizi ikajaa chumba.

Nikajua nimefika ukingoni. Kikombe kile, nikikinywa, damu yangu haifai kwa daktari, na wiki inaanza upya, na bega halina wiki ya kupoteza. Nisipokinywa, itanibidi niseme kwa nini. Na nikisema kwa nini, nitakuwa nimemwambia mama yangu kwamba aliyenikata mkono ni yeye, kwa mkono wake, kijiko kwa kijiko, huku akimshukuru Mungu kwa kumpa usingizi.

Fahmi alikuwa anakitazama kikombe. Sijui alitaka ninywe, au alitaka nisinywe. Mpaka leo sijui.

"Pokea, mwanangu."

Nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kupokea kitu kwa mama kwa mkono wa kushoto. Tulipokuwa wadogo, mimi na Fahmi, tulichapwa vidole kwa kijiko mpaka mkono wa kulia ukajua kazi yake. Hata tukiwa na homa. Hata tukiwa na usingizi.

Nikaupeleka mkono wa kulia. Haukwenda. Ulilala mapajani pangu kama mzigo niliowekewa na mtu.

Mama akangoja, kikombe kiko hewani.

"Nipa mimi, mama," Fahmi akasema haraka, akipiga hatua. "Ntampa mimi."

Mama akakirudisha kikombe kifuani kwake. "Sikukupa wewe."

Kisha akaniambia kwa upole, kama alivyokuwa akituambia zamani, "Mkono wa kulia, babangu. Pokea."

Nikainua wa kushoto.

Kahawa ikamwagika kwenye mkeka. Si yote. Mama akakiweka kikombe chini, akajivuta kwa magoti mpaka nilipo, akalivua shuka kutoka begani mwangu. Akaniwekea vidole juu ya bega, pale ambapo zamani palijaa na sasa palikuwa na shimo.

"Hapa pauma?"

"La, mama."

"Na hapa?"

"La."

Hakuondoa mkono. Alikigeukia kinu, akakitazama. Akaitazama karatasi ya vidonge, na matundu yake yote. Mama hakusoma shule, lakini hesabu ya kuongeza siku juu ya siku haikumshinda kamwe.

"Fahmi," akasema, "nambia tena. Daktari alisemaje?"

Fahmi akafungua kinywa. Kabla hajatoa neno, mtu akapiga hodi kwenye mlango wa barabarani. Tukasikia magurudumu ya mkokoteni yakisaga mawe ya kichochoro, na Charo akiuliza ni mzigo wa nani.

"Wa Bwana Fahmi," mtu akajibu kwa sauti. "Ile mashine ya halua. Alisema tuilete Ijumaa. Tuishushe wapi?"

Fahmi aliitazama kofia yake.

Nilidhani mama atamlipukia. Hakumwangalia hata. Alinigeukia mimi, mkono wake bado uko begani mwangu, na uso wake ukawa mdogo, sikuwahi kuuona mdogo hivyo.

"Taib," akasema. "Mimi nimekutendani?"

Tangu jana sikuwa nimekunywa kahawa ile. Na hapo, chini ya vidole vyake, bega likaanza kuuma. Liliuma kwa ndani, kisha likapanda shingoni, likashuka mpaka kwenye kucha, uchungu ule ule wa siku za mwanzo, wote, na machozi yakanitoka bila kuniomba ruhusa.

Mama aliyaona machozi. Akanyoosha mkono, akakishika tena kile kikombe, kilichobaki na kahawa ya kutosha kunilaza.